Magari mapya, oili za zamani: Aamue fundi au kitabu?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KWA wakazi wengi wa Jiji la Dar es Salaam, gari likishatolewa bandarini na kupewa namba za usajili, kituo chake cha kwanza huwa ni kwa fundi. Huko ndiko oili iliyokuja nayo kutoka Japan humwagwa, na swali linaloulizwa huwa ni moja tu: iwekwe nzito au nyepesi?

Mara nyingi fundi hujijibu mwenyewe. Huagiza kopo la 20W-50, au lile lenye namba moja tu, 40, akieleza kwamba nchi hii ni ya joto na oili nyepesi "itakuwa maji". Kisha huandika kwenye kipande cha karatasi kilomita ambazo mteja anapaswa kurudi, na idadi hiyo ni ile ile aliyokuwa akiiandika kwa magari ya miaka ya tisini: baada ya 3,000.

Ushauri huo haukuzuka hewani. Ulizihudumia vyema Corolla 110, Mark II GX100 na pikapu za aina mbalimbali, ambazo nyingine bado zinatembea. Tatizo ni kwamba gari linaloshuka melini leo si lile. Chini ya boneti ya Toyota Aqua, ya Axio ya haibridi au ya C-HR kuna injini iliyosanifiwa kutumia oili yenye mnato usiofikia hata nusu ya ule wa oili inayomiminwa na fundi huyo, na ambayo, ikiwa ni yenyewe hasa, inaweza kutumika kwa muda mrefu zaidi ya kilomita 3,000.

Kanuni za uingizaji magari nazo zinachangia kuleta injini za aina hiyo. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na Tanzania, ingawa haijayapiga marufuku magari makuukuu, huyatoza ushuru wa ziada wa uchakavu yanapovuka miaka hiyo minane. Mnunuzi anayepiga hesabu zake vizuri hujikuta akisogea kwenye matoleo mapya zaidi. Gari linabadilika, lakini mazoea ya gereji hayabadiliki kwa kasi hiyo hiyo, na gharama ya tofauti hiyo inamwangukia mmiliki.

Namba zilizo kwenye kopo

Daraja la mnato, kwa lugha ya gereji "uzito" wa oili, hupangwa kwa viwango vya jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE. Katika 20W-50, namba ya kwanza, iliyo kando ya herufi W inayotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa ya baridi. Namba ya pili inaeleza unene wake injini ikiwa imeshapata moto, na kipimo chake huchukuliwa kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi.

Kwa vipimo hivyo, oili ya daraja la 50 huwa na mnato wa kati ya sentistoksi 16.3 na 21.9, wakati ile ya daraja la 20 huwa kati ya 6.9 na 9.3. Kwa maneno mengine, anayeweka 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 0W-20 ameweka oili iliyo nzito takriban mara mbili hata pale injini inapokuwa imeshachemka. Alfajiri, kabla injini haijapata moto, tofauti hiyo hufikia mara tatu au zaidi.

Je, ina madhara gani? Katika injini za zamani oili ilikuwa na kazi ya kulainisha, kupoza na kusafisha. Katika injini za sasa imeongezewa kazi nyingine, ambayo ni kuendesha mitambo. Mfumo ambao Toyota huuita VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu kulingana na mwendo, husukumwa na shinikizo la oili inayopita katika vijia vyembamba na vichujio vidogo kabisa. Kifaa kinachokaza cheni ya taimingi nacho, katika injini nyingi, hutegemea shinikizo hilo hilo. Ringi za pistoni zimelegezwa makusudi ili zisikwaruze sana silinda, na kazi ya kuikwangua oili nzito kutoka kwenye kuta zake haziiwezi vizuri.

Gari halitazimika kesho kwa sababu ya kopo moja la 20W-50, na hapo ndipo fundi anapopata ushahidi wake. Atasema ameweka oili hiyo kwa wateja wengi na hakuna aliyerudi akilalamika. Hata hivyo, madhara ya oili isiyofaa huja polepole: gari huwa zito kuondoka, mafuta huliwa zaidi kidogo, cheni hugongagonga asubuhi kwa sekunde chache, taa ya injini huwaka na kuzimwa kwa kompyuta bila sababu kutafutwa. Ugonjwa unapokomaa, gari huwa limeshauzwa kwa mtu wa pili au wa tatu, na hakuna anayekumbuka kopo la kwanza.

Ni haki pia kueleza kwamba wepesi wa oili za siku hizi haukuletwa na mapenzi ya watengenezaji kwa injini peke yake. Sheria za Japan, Marekani na Ulaya zinazobana ulaji wa mafuta na utoaji wa hewa chafu ndizo zilizowasukuma, kwa kuwa oili nyepesi huokoa asilimia chache za mafuta. SAE iliongeza daraja la 16 mwaka 2013, na madaraja ya 12 na 8 mwaka 2015. Leo yapo magari ya haibridi ya Japan yanayotoka kiwandani na 0W-8, oili ambayo fundi wa mtaani akiimwaga mkononi anaweza kudhani imechanganyika na mafuta ya taa.

Kwa sababu hiyo vitabu vyenyewe havina ukali kama inavyodhaniwa. Vitabu vya Toyota vya soko la Marekani, kwa mfano, vinaruhusu 5W-20 pale 0W-20 inapokosekana, kwa sharti la kurudi kwenye 0W-20 katika badiliko linalofuata. Vinaeleza pia kuwa oili yenye namba kubwa zaidi yaweza kufaa kwa gari linalokwenda kwa mwendo mkubwa au kubeba mzigo mzito mno. Kwa masoko ya nchi za joto, baadhi ya injini za kampuni hiyo zimeruhusiwa madaraja mapana zaidi, hadi 15W-40.

Hivyo, mmiliki wa Dar es Salaam aliyeandikiwa 0W-20 na kuikosa dukani hajafika mwisho wa dunia. Akipata 5W-30 nzuri, na kitabu cha injini yake kikiitaja, atasafiri salama. Asichoruhusiwa ni kuruka kutoka hapo hadi 20W-50 kwa sababu tu ndiyo iliyopo kwenye rafu.

Hoja ya joto

Hoja ya joto inahitaji kupimwa peke yake, kwani ndiyo inayowashawishi wengi, wakiwamo wenye elimu. Inasikika kuwa ya kweli: Dar es Salaam ni jiji la joto, joto hulegeza oili, basi iwekwe nzito.

Kinachosahaulika ni kwamba injini haifanyi kazi kwenye joto la Kariakoo. Inafanya kazi kwenye joto lake yenyewe, linalodhibitiwa na themostati, ambapo maji ya rejeta huwa karibu na nyuzi joto 90, iwe gari liko Dar es Salaam au Sapporo kwenye theluji. Oili hupanda kidogo zaidi ya hapo. Nyuzi 32 za mchana wa Januari mjini hapa zina athari ndogo mno kwa kitu kilichokwisha kufika nyuzi 100.

Aidha, wanaodhani Japan ni nchi ya baridi tupu hawajaufahamu mwezi wa Agosti wa Tokyo, ambako joto huvuka nyuzi 35, kiwango ambacho Dar es Salaam hukifikia kwa nadra. Gari lile lile lililopita katika kiangazi hicho likiwa na 0W-20, likakaa foleni za Tokyo likiwa na kiyoyozi, ndilo linaloambiwa hapa kwamba haliwezi kuhimili hali ya hewa ya Mbagala.

Lipo eneo moja ambalo fundi ana hoja. Gari linalopandisha Kitonga likiwa limejaa abiria na mizigo, au linalovuta tela, huichemsha oili yake kuliko gari la kwenda ofisini. Hapo kupanda daraja moja ndani ya yale yaliyoruhusiwa na kitabu ni busara. Kuna pia injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, ambayo kwa oili nzito hutulia kidogo. Lakini hiyo ni bandeji. Baadhi ya madalali wanaijua bandeji hiyo vizuri, ndiyo maana mnunuzi wa gari la mkononi anapaswa kushtuka akikuta oili nzito mno ndani ya injini ndogo inayodaiwa kuwa haijawahi kufunguliwa.

Elfu tatu, elfu tano au elfu kumi na tano?

Baada ya aina, linafuata suala la muda, ambalo limejaa mkanganyiko zaidi.

Kilomita 3,000 ni urithi wa injini za kabureta. Kabureta ilimimina petroli nyingi kuliko iliyohitajika, na ziada ikateremka ukutani mwa silinda hadi kwenye oili na kuichuja nguvu. Petroli yenyewe ilikuwa na risasi, ambayo iliondolewa katika nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Oili zilikuwa za madini zenye viungo vichache vya kusafisha. Wamarekani nao walikuwa na elfu tatu yao, ila ilikuwa ya maili, ambayo ni takriban kilomita 4,800.

Upande wa pili wa mzani kuna kitabu. Nchini Japan, Toyota huelekeza gari la petroli lisilo na turbo libadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Wamiliki waliopata habari hizi mtandaoni huzishika kwa furaha, wakiona wamekuwa wakipunjwa na mafundi miaka yote.

Hata hivyo, wengi wao huishia kwenye mstari wa kwanza. Mstari wa pili wa maelekezo hayo hayo unasema kwamba gari linalotumika katika mazingira magumu linapaswa kubadilishwa kila kilomita 7,500 au miezi sita. Na mazingira magumu ni yapi? Ni barabara mbovu au zenye vumbi, safari fupi fupi za kurudiarudia, na injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama au likienda mwendo wa kutambaa. Mkazi wa Goba anayekwenda Posta na kurudi, akipita kipande cha vumbi kabla ya kufika lami na kisha kuingia foleni, ametajwa humo bila kutajwa jina.

Kwa hali hiyo, kwa gari la Dar es Salaam, 15,000 haimo kabisa kwenye mjadala. Mjadala ni kati ya 5,000 na 7,500.

Hesabu ndogo inasaidia kuelewa. Injini huhesabu saa ilizozunguka, wala haijui kilomita. Gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa litamaliza kilomita 15,000 baada ya saa 250 za kuunguruma. Gari linalosota mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa litafikisha saa hizo hizo 250 likiwa na kilomita 5,000 tu kwenye mita yake. Na kama foleni ni ya kufa mtu, wastani ukashuka hadi kilomita 12 kwa saa, saa 250 hutimia kwenye kilomita 3,000.

Kumbe fundi hakukosea kila kitu. Namba yake ina mantiki kwa teksi au gari la kukodishwa linaloshinda barabarani mchana kutwa huku injini ikiwa haizimwi na kiyoyozi kikiwaka. Alichokosea ni kuitumia namba moja kwa kila anayefika, akiwamo anayetoka Dodoma kila wiki kwa mwendo wa barabara kuu.

Kwa mtumiaji wa kawaida wa jiji hili mwenye gari jipya kiasi, lisilo na turbo, na anayetumia oili ya sintetiki ya daraja sahihi, kilomita 5,000 ni kiwango kisicho na ubishi, na anayepita zaidi barabara zisizo na foleni anaweza kwenda hadi 7,500 bila wasiwasi. Asiyeendesha sana abadilishe kila baada ya miezi sita, kwa kuwa oili huchoka hata gari likiwa limeegeshwa, hasa katika mji wenye unyevunyevu kama huu.

Suala la gharama nalo halipo kama linavyosemwa. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka na kubadilisha kila 3,000 hununua makopo matano, filta tano na kulipa ufundi mara tano. Mwenzake wa kila 5,000 hufanya hivyo mara tatu. Hata kopo la sintetiki likiwa na bei ya mara moja na nusu ya lile la madini, makopo matatu yatakuwa sawa na manne na nusu, kabla ya kuhesabu filta mbili na ufundi ulioepukwa. Likiwa na bei ya mara mbili, tofauti itakuwa sawa na kopo moja la madini, ambayo filta hizo na ufundi huo vitaipunguza.

Rangi ya oili isimtishe mtu. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inaosha. Ile inayobaki ya dhahabu baada ya kilomita elfu nne katika injini iliyochakaa ndiyo ya kutiliwa shaka. Cha kuangaliwa ni kiasi chake kwenye kijiti cha kupimia, angalau mara moja kila wiki mbili, gari likiwa mahali pa tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Oili iliyopungua huua injini haraka kuliko oili iliyochelewa, na wamiliki wengi hukifahamu kijiti hicho siku taa nyekundu inapowaka.

Kujaza kupita kiasi nako ni kosa. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Toyota IST nyingi huhitaji takriban lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta, na Passo ya silinda tatu hutosheka na karibu lita tatu. Kopo ni la lita nne. Fundi anayelimimina lote "ili lisibaki" hajamfanyia mteja hisani, kwani oili iliyozidi hupigwa na mhimili wa injini hadi ikatoa povu, na povu halilainishi.

Turbo na dizeli

Maelezo hayo yote hayawahusu wenye turbo. Kwa magari hayo, Toyota nchini Japan imeshusha kiwango hadi kilomita 5,000 au miezi sita, na katika mazingira magumu kilomita 2,500 au miezi mitatu. C-HR yenye injini ya lita 1.2 ni ya kundi hili, na wapo wanaoinunua bila kujua kwamba ina turbo, kwa sababu tu injini ni ndogo.

Injini ndogo za turbo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa mwingine: mchanganyiko wa petroli na hewa huweza kulipuka kabla ya plagi kutoa cheche, dereva anapokanyaga sana akiwa kwenye mwendo mdogo. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kupasua pistoni. Ilibainika kwamba viungo vya oili vina mchango, hususan wingi wa kalsiamu, na ndiyo sababu Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, ilileta daraja la SN Plus mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020. Kwa mwenye turbo ya aina hiyo, herufi hizo mbili zina uzito kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi kubwa juu yake.

Dizeli mpya nazo zina masharti yake, na Mazda CX-5 ndiyo mfano ulio wazi. Gari hilo lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo kila baada ya muda hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo. Ili joto lipatikane, injini hunyunyiza dizeli ya ziada, na sehemu yake huteremka hadi kwenye oili. Ikiwa safari ni fupi na foleni ni ndefu, usafishaji hukatizwa na kuanza upya mara kwa mara, na kiasi cha oili, badala ya kupungua, huongezeka.

Mazda imeweka alama ya X kwenye kijiti cha kupimia kwa ajili hiyo. Oili ikifika hapo hubadilishwa mara moja, kilomita ziwe zimetimia au hazijatimia. Mmiliki anayefurahi kuona gari lake "halili oili bali linazidisha" anafurahia dizeli. Aidha, oili yake lazima iwe yenye majivu machache, ya kiwango cha JASO DL-1 au ACEA C3, kwa kuwa majivu ya oili ya kawaida hayaungui na hubaki kwenye chujio hadi likaziba. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyoyawezesha magari kama hayo kuishi huku. Itakuwa ajabu yakafa kwa kopo la oili.

Kopo lenyewe

Baada ya kujua aina na muda, mmiliki hukutana na soko. Katika maduka ya vipuri ya Ilala na Kariakoo, majina ni mengi na makopo yanafanana. Cha kusoma kwanza ni duara la API lililo nyuma ya kopo, ambalo kwa magari ya petroli huonyesha herufi zinazoanza na S. SP iko juu ya SN, na SQ, iliyoanza kutolewa mwaka 2025, iko juu ya SP. Daraja jipya hufaa pia pale lililotangulia linapotakiwa, ilimradi mnato ni ule ule. Kopo lililoandikwa SF, ambalo muuzaji anaweza kulisifu kwa unafuu wa bei, API yenyewe inasema halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Orodha ya oili zenye leseni ya API iko wazi mtandaoni kwa yeyote mwenye simu.

Oili bandia ni tatizo la kweli, na chanzo chake kimojawapo kiko gereji kwenyewe. Oili chafu iliyomwagwa huchujwa, hutiwa rangi na kurudishwa kwenye makopo halisi yaliyookotwa. Serikali ina vyombo vya kushughulikia hilo: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa ubora, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa leseni za biashara ya vilainishi, na Tume ya Ushindani (FCC) kwa bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Vyombo vitatu si vichache. Lakini kopo tupu linapotoka gereji likiwa zima na kifuniko chake, hakuna mkaguzi anayeweza kulifuata kila linakokwenda. Mmiliki anayelitoboa kabla ya kuondoka, mbele ya fundi, amefanya kazi ya ukaguzi kwa sekunde tatu.

Mahali pa kuanzia

Linabaki tatizo la kitabu chenyewe, kwani kimeandikwa kwa Kijapani, kama hakikuachwa Yokohama. Bahati nzuri injini hujieleza. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya karibuni, kifuniko cha kujazia oili kimechorwa namba za mnato, kwa mfano 0W-20, na namba hizo hazihitaji mkalimani.

Aidha, gereji za Japan hubandika kijikaratasi kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, kikionyesha tarehe na kilomita za badiliko la mwisho la oili na za lile linalofuata. Mwaka huandikwa kwa kalenda ya Kijapani: H30 ni 2018, R5 ni 2023. Mnunuzi akikuta kijikaratasi cha R5 kinachoonyesha kilomita 92,000 kwenye gari ambalo mita yake inasoma 61,000, atakuwa amegundua jambo kubwa kuliko oili.

Kwa gari ambalo historia yake haijulikani, oili na filta hubadilishwa mara tu linapotoka bandarini, kisha badiliko la pili lisogezwe karibu, pengine baada ya kilomita 2,000 au 3,000, ili oili mpya ipate kusomba uchafu ulioachwa na wa kwanza. Hapo ndipo kipande cha karatasi cha fundi, chenye elfu tatu yake, kinapokuwa sahihi kwa mara moja. Kwa aliyenunua gari jipya kabisa kwa wakala, karatasi inayomhusu ni nyingine: kitabu cha dhamana, pamoja na risiti za kila badiliko zinazotaja aina ya oili iliyowekwa, kwa sababu siku injini itakapoleta matata ndani ya muda wa dhamana, risiti hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.